Kufungwa kwa Ziwa Tanganyika: Dagaa, Upepo na Akiba ya Chama

Tangu uvuvi uliposimamishwa katika maji ya Tanzania ya Ziwa Tanganyika kwa muda wa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, makatibu wa vyama vya mwambao wamekuwa wakiulizwa na wanachama wao swali moja. Je, ziwa lenye kina kirefu namna hii linaweza kweli kuishiwa samaki? Swali hili ni la haki. Mwenye kuliuliza ana watoto wa kulisha, na babu yake alivua papo hapo bila ya mtu yeyote kumwambia ayapumzishe maji. Haifai Katibu amjibu kwa kumsomea amri tu. Makala haya yanakusudia kumpa Katibu maelezo ambayo anaweza kuyatoa mbele ya mkutano, pamoja na hesabu moja ambayo, kwa maoni yetu, ni muhimu kuliko maelezo yote.

Tuanze na kina chenyewe. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670, na pale penye kilindi kikuu kina chake ni mita 1,470. Miongoni mwa maziwa ya maji baridi duniani ni Baikal peke yake, lililoko Urusi, linaloshinda ziwa letu kwa kina. Mtu akizisikia tarakimu hizo hudhani kwamba samaki wamejaa kuanzia juu hadi chini kama nafaka ndani ya ghala. Sivyo. Oksijeni hufika kiasi cha mita 100 tu upande wa kaskazini, na hadi mita 200 hivi upande wa kusini. Chini ya hapo maji hayana hewa ya kumfaa samaki, na yana gesi yenye harufu ya yai bovu. Kwa hiyo mvuvi anayeondoka jioni katika mwalo wa Kibirizi au Katonga haendi kuvua katika ziwa la mita elfu moja na mia nne. Anavua katika tabaka la juu tu, na vyote vilivyo chini yake ni giza lisilo na samaki.

Chungu cha mawese

Kila mama wa Kigoma amekwisha kuona jinsi mawese yanavyoelea juu ya mchuzi. Ziwa nalo limepangika hivyo. Maji ya juu hupashwa na jua, yakawa mepesi. Maji ya chini ni ya baridi kidogo, nayo ni mazito. Tofauti yenyewe si kubwa. Vilindini joto ni kiasi cha nyuzi 23 za Sentigredi, na juu huwa baina ya 24 na 28 kwa kufuata majira. Hata hivyo tofauti hiyo ndogo yatosha kuyazuia maji hayo mawili yasichanganyike.

Kila kinachokufa ziwani huzama na kuoza. Mbolea ya ziwa, kwa hiyo, imewekwa chini, mahali ambapo mwanga haufiki na hakuna kinachoota. Anayeifungua ghala hiyo ni upepo. Kuanzia mwezi wa Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na kuyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Huko kusini, upande wa Kasanga na Mpulungu, maji ya chini hupanda kushika nafasi ya yale yaliyoondoka, nayo huja na mbolea yake. Upepo ukitulia, maji yaliyorundikana kaskazini hurudi, na ziwa zima huyumba ndani kwa ndani kwa majuma kadhaa, kama maji ya kwenye karai lililobebwa kichwani na mtu anayetembea. Mbolea inapofika penye mwanga, mwani mdogo usioonekana kwa jicho huota. Vijidudu vya majini hula mwani huo, dagaa hula vijidudu, mgebuka hula dagaa, na sisi tunawala wote wawili.

Sasa mwanachama ataona ni kwa nini joto la dunia si habari ya watu wa mbali. Tabaka la juu likizidi kupata joto huzidi kuwa jepesi, na upepo uleule hauna tena nguvu ya kulichanganya na la chini. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uotaji wa mwani ziwani ulikuwa umepungua kwa kiasi cha asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa kiasi cha asilimia 30. Wataalamu wengine walichimbua matope ya sakafu ya ziwa na kuhesabu mabaki ya samaki yaliyozikwa humo mwaka baada ya mwaka. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2016, yalionyesha kwamba samaki walianza kupungua tangu karne ya 19, sambamba na kuongezeka kwa joto, kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara kuanza. Tena, katika maeneo waliyoyachunguza, sehemu ya sakafu iliyokuwa na oksijeni ilikuwa imepungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 1946.

Tunazitaja habari hizi waziwazi kwa sababu zimekwisha kuingia katika mikutano, na wapo wanaozitumia kupinga kufungwa kwa ziwa. Husema: “Ikiwa kosa ni la joto, mbona anayeadhibiwa ni mvuvi?” Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba kupumzisha nyavu hakuwezi kulipoza ziwa hata kwa nukta moja. Lakini mkulima ambaye mvua zake zimepungua hawi na sababu ya kula mbegu. Bali ana sababu kubwa zaidi ya kuitunza. Ziwa linalozalisha kidogo kuliko zamani haliwezi kuvuliwa kwa idadi ya nyavu na taa iliyozidi ile ya zamani.

Dagaa ni zao la mwaka mmoja

Tunaposema dagaa wa Kigoma tunasema aina mbili. Aina ya kwanza ni yule mdogo wa maji ya kilindini, asiyezidi urefu wa kidole. Wa pili ni mkubwa zaidi, ambaye baadhi ya wavuvi humwita lumbu, naye hupenda kutagia karibu na ufuko. (Huyu wa pili ni msafiri. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alipelekwa katika Ziwa Kivu, ambako leo ni sambaza, na miaka ya 1960 alipelekwa katika bwawa la Kariba, ambako watu wa Zambia na Zimbabwe humwita kapenta. Anayekula kapenta mjini Harare anakula mzawa wa Tanganyika.)

Dagaa wa kilindini huishi kiasi cha mwaka mmoja tu, au zaidi kidogo. Hukua upesi, hutaga mapema, hufa upesi. Jambo hili ndilo linaloufanya mpango wa kufunga ziwa uwe na maana kwake, kwani samaki mwenye maisha ya mwaka mmoja akipewa robo mwaka ya salama amepewa sehemu kubwa ya umri wake. Mgebuka ni habari nyingine. Yeye hukua polepole zaidi, na miezi mitatu haimtoshi. Mwanachama akiuliza kwa nini migebuka haikujaa ziwani mara baada ya ziwa kufunguliwa, Katibu asimwahidi miujiza.

Wazee wetu walikuwa na namna yao ya kufunga ziwa, ingawa hawakuiita hivyo. Mchana dagaa hukaa chini wakiwakimbia maadui, na usiku hupanda kula. Mvuvi huwavuta kwa taa. Zamani ilikuwa mienge, baadaye karabai, na siku hizi taa za betri. Lakini mwezi ukiwa mpevu, mbalamwezi hutanda juu ya maji yote, na taa ya mvuvi haina mvuto. Kwa hiyo mitumbwi hupumzika siku kadhaa kila mwezi, na nyavu hutengenezwa. Pumziko hilo halikutosha tena pale taa zilipoongezeka, lakini lafaa kukumbukwa na wale wanaosema kwamba kupumzisha maji ni jambo geni.

Swali linalofuata huwa kuhusu jirani. “Tukiacha sisi, si wataokota wenzetu?” Ziwa hili lina wenyewe wanne: Zaire ya zamani, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ina kiasi cha asilimia 45 ya maji yake, Tanzania asilimia 41, Burundi asilimia 8 na Zambia asilimia 6. Dagaa hajui mpaka. Uchunguzi wa urithi wa dagaa wa kilindini uliotolewa mwaka 2019 haukuona makundi yaliyotengana. Dagaa wa kaskazini na wa kusini ni ukoo mmoja. Hivyo hofu ya mwanachama haikukosa msingi, na ndiyo sababu nchi nne zilikubaliana mwishoni mwa mwaka 2021 juu ya hatua za pamoja, na hiyo ya kupumzisha ziwa kwa wakati mmoja ikiwamo. Upande wa Burundi wanao mfano wao wenyewe. Meli zenye nyavu kubwa za kuzungusha zilianza kazi huko miaka ya 1950, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimetoweka, vita vikiwa sababu mojawapo na upungufu wa samaki ukiwa sababu nyingine.

Tungependa kuongeza neno moja ambalo halipendezi katika kila mwalo. Miezi mitatu ya kufunga haitafaa kitu ikiwa kokoro litavutwa katika miezi tisa iliyobaki. Kokoro limekatazwa kisheria, na sababu yake ni rahisi. Wachanga wa dagaa hukulia karibu na ufuko, na lumbu hutagia hukohuko. Wavu unaoburuzwa juu ya mchanga hukusanya watoto pamoja na mayai. Chama kinachonunua dagaa wachanga waliovuliwa kwa kokoro kinanunua hasara yake ya mwaka unaofuata, na kuiandika katika vitabu kama faida.

Kuhe, wageni na miamba

Ziwa halitumiwi kwa kitoweo peke yake. Vijana huogelea, abiria husafiri kwa mitumbwi kwenda Gombe na vijiji vya kaskazini, na wageni hufika kutoka mbali kuona sokwe katika hifadhi za Gombe, iliyotangazwa mwaka 1968, na Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985. Wageni wengi wakishawaona sokwe hutaka kuingia majini. Huvaa kioo cha macho na kutazama samaki wadogo wa miambani, wenye rangi za kila namna. Aina za samaki hao ni zaidi ya mia mbili, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote ulimwenguni. Wavuvi wengi huwaona kuwa si kitu, kwa kuwa hawajazi chungu. Lakini mgeni hulipa ili awaone wakiwa hai, na kesho yake mwingine hulipa ili awaone walewale.

Kisa cha kuhe kinaonyesha jinsi mchezo, chakula na uzazi vinavyokutana. Kuhe ndiye mkubwa kuliko wote katika ukoo mpana wa samaki wanaofanana na sato, naye hujulikana Zambia kwa jina la nkupi. Huko Nsumbu wageni humvua kwa ndoano kwa ajili ya burudani, kwani hupigana kwa nguvu anaponaswa. Dume na jike huchagua mahali chini, wakataga maelfu ya mayai, na baada ya hapo huwalinda watoto kwa majuma mengi huku wenyewe wakikonda. Wakati huo kuhe huivamia kila kitu kinachokaribia kiota, na ndoano ikiwamo. Mvuvi wa burudani hufurahi kwamba samaki wanashika vizuri. Kumbe amewaondoa walinzi, na kabla jua halijatua kundi la watoto limekwisha kuliwa. Chama chochote kinachofikiri kukodisha mitumbwi kwa wageni wa ndoano, nacho ni kipato halali, kiweke sharti kwamba kuhe anayelinda watoto haguswi.

Katika Mahale mpaka wa hifadhi umeingia ziwani kiasi cha kilomita 1.6, na ndani yake uvuvi hauruhusiwi. Majirani wa hifadhi wana malalamiko yao juu ya mpaka huo, na mengine yafaa kusikilizwa. Hata hivyo sehemu isiyovuliwa mwaka mzima ni mahali ambapo samaki wa ufukoni hufikia ukubwa wa kuzaa, na wakizidi hutoka.

Wanachama wa vyama vya bara, walio wakulima wa milimani, wasidhani kwamba habari hii haiwahusu. Mlima ukilimwa bila matuta, udongo wake hushuka na mito hadi ziwani, ukafunika mawe ambako mwani wa miambani huota na samaki hujificha. Pale ambapo matope yamezidi, aina za samaki zimeonekana kuwa chache. Ya matuta na miti tumekwisha kuyaeleza mara nyingi, na hatutayarudia.

Hesabu ya miezi tisa

Sasa tufike penye uchungu wenyewe. Mwaka 2024 si wavuvi peke yao walioguswa. Mama anayeanika dagaa, mchukuzi wa magunia, muuza chai wa mwaloni na fundi wa mitumbwi, wote walisimama. Mvuvi mwenye mtumbwi aliweza kutengeneza nyavu zake akingoja. Anayeanika dagaa wa siku hiyo kwa ajili ya mlo wa siku hiyo hakuwa na cha kutengeneza.

Hatari kubwa kuliko njaa ya miezi mitatu ni deni. Mwanachama asiye na akiba hufuatwa na mlanguzi mwezi wa Juni akiwa na unga na mafuta ya taa mkononi. Hapana anayekataa. Ziwa linapofunguliwa, dagaa wote wa mwanachama huyo wamekwisha kununuliwa kwa bei aliyoitaja mlanguzi, na chama hakipati hata ndoo moja. Chama kinaweza kufa hivyo bila ya kuibiwa senti, kwa kukosa mazao tu.

Kwa hiyo tunaomba kila chama kizingatie hesabu ifuatayo. Mwenye kuvua miezi tisa na kula miezi kumi na miwili, akitaka matumizi ya nyumba yake yasibadilike hata kidogo, hana budi kuweka robo ya kila pato, yaani shilingi 25 katika kila 100. Wengi watasema haiwezekani, nasi twakubali kwamba ni nzito. Basi ipo ya pili. Mwanachama akiweka sehemu moja katika saba, ambayo ni kiasi cha shilingi 14 katika kila 100, atakuwa na nusu ya matumizi yake ya kawaida kwa kila mwezi wa miezi mitatu ya kufunga. Nusu haishibishi, lakini humwezesha mtu kumwambia mlanguzi arudi Agosti. Makato yafanyike palepale dagaa wanapopimwa, kwa uamuzi wa mkutano mkuu, na yawekwe benki katika hesabu iliyotengwa, isiyoguswa kwa mafuta ya injini wala kwa posho za safari. Waanikaji ambao si wanachama wakaribishwe kujiunga, maana wao ndio wenye haja kubwa zaidi ya akiba hiyo.

Wapi patapatikana shilingi hizo kumi na nne? Jibu letu ni kwenye uanikaji. Kilo tatu hadi nne za dagaa wabichi hutoa kilo moja ya wakavu, na katika safari hiyo upotevu ni mwingi. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga huokota mchanga, huliwa na kuku, na mvua ikinyesha ghafula huoza kabla hawajakusanywa. Wale wa kichanja cha waya kilichoinuliwa kutoka ardhini hukauka upesi kwa kuwa hewa hupita juu na chini, na mvua ikija hufunikwa kwa turubai. Tangu reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 dagaa wetu wamekuwa wakisafiri kwenda bara, na mnunuzi wa mbali hutambua mchanga kwa ulimi kabla ya kutaja bei. Miezi ya kufunga ndiyo miezi ya kujenga vichanja, kwa kuwa mikono ipo.

Mwisho, tunarudia ombi la daftari. Bila ya kumbukumbu za vyama, majadiliano juu ya kufunga ziwa yataendelea kuwa ubishi wa nani amesikia nini. Kwa kila mtumbwi Katibu aandike tarehe, umri wa mwezi, idadi ya taa zilizowashwa, saa zilizotumika majini, na uzito wa dagaa na wa migebuka, kila kimoja peke yake. Usiku ambao mtumbwi ulirudi mtupu uandikwe pia, tena bila kuonewa haya, maana usiku mtupu usioandikwa hulifanya ziwa lionekane tajiri kuliko lilivyo. Mahali pasipo mizani ndoo itumike, mradi iwe ndoo ileile mwaka mzima na uzito wake ukijaa uwe umepimwa mara moja na kuandikwa katika ukurasa wa kwanza. Nakala ya kila mwezi iletwe Chama Kikuu kabla ya giza la mwezi unaofuata.